Anayekifufua Kitu, Je, Kinakuwa Chake?

Katika ua wa nyumba yetu, mtaani Buyenzi, kuna gari lisilo letu. Ni Toyota Hilux ya miaka ya 1980, pikapu ya dizeli yenye ile injini ya 2L ya lita 2.4 ambayo mafundi wa Bujumbura huisifu kama watu wanavyomsifu punda mvumilivu. Limekaa juu ya matofali, chini ya kibanda cha mabati, tangu kabla sijazaliwa. Utotoni nililigeuza nyumba, duka na darasa. Kuku walitagia mayai kwenye kiti cha dereva, na mama alianika nguo kwenye vioo vyake. Mwezi wa nane mwaka 2024, mimi na baba yangu mdogo, ambaye ni fundi wa magari, tuliamua kulifufua.

Hatukuwa tumefungua hata boliti ya pili maneno yalipoanza. Baba mdogo alifuta mikono kwa tambara, akasema, "Likishatembea, tutaliandikisha kwa jina la mama yako." Mama alikuwa barazani akichambua maharage. Alijibu bila kuinua kichwa: "Gari lina mwenyewe."

Kwa maneno hayo mawili matatu, kazi ya spana ikawa pia kazi ya kufikiri. Je, mtu anayekifufua kitu kilichokufa, kwa fedha yake, kwa jasho lake na kwa ujuzi wake, kinakuwa chake? Na kama hakiwi chake, anapata nini? Ndilo swali la insha hii. Sitalijibu kama mwanasheria, kwa sababu siye. Nitalijibu kama mtu aliyelala chini ya gari hilo, kutu ikimwangukia machoni.

Kwanza nieleze lilivyofika kwetu. Mwenye gari alikuwa jirani yetu, mfanyabiashara mdogo aliyebeba mchanga, mbao na magunia ya mchele kutoka bonde la Ruzizi. Mwaka 1995, vita vilipoingia Bwiza na Buyenzi, watu wengi walivuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira. Jirani naye aliondoka usiku na familia yake, kwa miguu, kwa sababu usiku ule gari lingemtangaza njia nzima. Alimwachia baba ufunguo na hati. Mama anasema hawakuandikiana chochote. Jirani alisema tu, "Nakuachia amana," na baba akajibu, "Imefika."

Mwaka uliofuata mambo mawili yalitokea. Mwishoni mwa Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi, mafuta yakawa adimu, na baba, ambaye alikuwa akiliwasha gari kila Jumapili ili lisife, akaacha. Kisha mwezi wa kumi vita vya Zaire vikafika Uvira, na wakimbizi waliokuwa huko wakatawanyika kila upande. Habari za jirani zikakatika. Baba aling'oa magurudumu yote, akalipandisha gari juu ya matofali ili asiwepo wa kuliendesha, akajenga kile kibanda cha mabati. Alifariki mwaka 2019. Alipokuwa mgonjwa hakutuachia wosia mrefu. Kuhusu gari alisema tusiliuze.

Sasa turudi kwenye kazi. Mtu asiyejua hudhani kwamba kufufua gari huanza kwa kuweka betri mpya na kuzungusha ufunguo. Baba mdogo aliniambia kwamba hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuliua mara ya pili. Injini iliyolala miaka mingi imekauka ndani. Pistoni zimeshikana na kuta za silinda kwa kutu, na mkanda wa taimingi umekuwa mgumu kama gome. Ukiilazimisha kwa nguvu ya betri, mkanda unakatika, pistoni zinagonga valvu, na unabaki na chuma chakavu. Kwa hiyo tulianza kwa kutoa, siyo kwa kuweka. Tulimwaga dizeli ya zamani iliyokuwa imegeuka kitu kama uji mweusi. Tulifungua nozeli, tukamimina mchanganyiko wa mafuta ya injini na dizeli ndani ya kila silinda, tukafunika kwa vitambaa, tukaacha. "Siku ngapi?" niliuliza. "Mpaka ikubali," alijibu.

Tulipokuwa tukisubiri injini ikubali, tulihesabu vilivyokufa. Mipira ya breki yote imekauka. Mabomba ya maji yamepasuka. Sakafu upande wa abiria imeliwa na kutu hadi unaona ardhi. Bodi la nyuma limetoboka. Nyaya zimetafunwa na panya. Redieta inavuja. Viti vimebaki chemchemi tupu. Nilipoandika orodha hiyo katika daftari la shule nilimwuliza baba mdogo kwa mzaha, "Tukibadilisha vyote hivi, tutakuwa tumelifufua gari lile, au tutakuwa tumetengeneza lingine?"

Mzaha huo una umri mkubwa. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anasimulia kwamba watu wa Athens waliihifadhi meli ya shujaa wao Theseus kwa kung'oa kila ubao uliooza na kuweka mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika: wengine walisema ni meli ileile, wengine wakasema siyo. Katika karne ya 17, Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza utata: vipi kama mtu fulani amekuwa akiziokota zile mbao kuukuu, akaziunga upya kwa mpangilio uleule? Ipi basi ndiyo meli ya Theseus?

Swali hilo watu wa Buyenzi hawalijui kutoka vitabuni, wanaishi nalo. Mtaa wetu unajulikana kwa gereji na maduka ya spea. Hapa gari moja linaweza kutoa mlango kwa gari la pili, gia kwa la tatu, na taa kwa la nne, na vipande vya alumini visivyofaa tena vikayeyushwa kuwa masufuria. Hobbes angetembea huku asubuhi moja tu angepata mifano ya kumtosha maisha yake yote. Na mafundi wana jibu lao. Baba mdogo alilala chini ya gari, upande wa mbele wa kulia, akasugua kutu kwenye chuma cha chasisi kwa brashi ya waya, mpaka tarakimu zikajitokeza moja baada ya nyingine. Akaniambia nilete hati. Tukalinganisha. Zilikuwa zilezile. "Badilisha unachotaka," alisema, "lakini hiki ukikibadilisha ujue una gari lingine."

Jibu hilo ni zuri kwa askari wa barabarani, ila mimi halikunitosha. Namba ya chasisi inatuambia gari ni lipi. Haituambii gari ni la nani. Tena nadhani wanafalsafa wa meli walisahau kuuliza jambo moja: mbao zile zilibadilishwa na nani, kwa niaba ya nani? Watu wa Athens walizibadilisha kwa jina la Theseus. Laiti mmoja wao angeng'oa ubao wa mwisho akatangaza, "Sasa hakuna hata ubao mmoja wa Theseus, kwa hiyo meli ni yangu," tungemwona mwizi mwenye subira. Kwa hiyo swali la kama kitu kimebaki kilekile haliwezi kutenganishwa na swali la nia ya anayekitengeneza. Unaweza kubadilisha kila kipande kwa uaminifu, na unaweza kuacha kila kipande mahali pake ukawa umekiiba kitu kizima.

Baba mdogo naye hakuwa mjinga wala mlafi. Alikuwa na hoja, na ninataka kuieleza kwa nguvu zake zote kabla sijaipinga. Alisema hivi: gari tulilolikuta lilikuwa mzigo. Mnunuzi wa chuma chakavu aliwahi kuja, akatoa bei ya kilo kama ananunua misumari. Thamani yoyote litakayokuwa nayo likitembea itatoka kwetu: kwa spea tutakazonunua, kwa miezi ya kazi ambayo hakuna anayemlipa, kwa ujuzi alioupata kwa miaka ishirini ya kuchomeka mikono. Jirani aliacha gari; lililobaki leo ni kutu. Kitu cha jirani kimekwisha. Kitakachozaliwa ni chetu.

Hoja hiyo ina ndugu mashuhuri. John Locke, katika kitabu chake cha mwaka 1689 kuhusu serikali, alisema kwamba mtu humiliki kazi ya mikono yake, na anapochanganya kazi hiyo na kitu cha asili, kitu hicho huwa chake. Aliyechuma tunda porini amelifanya lake kwa kulichuma. Lakini msomaji atazame vizuri: Locke anazungumzia vitu ambavyo havina mwenyewe, vilivyo vya watu wote. Tunda la porini halikuachwa na mtu aliyesema "nakuachia amana." Kuichanganya kazi yangu na mali ya mtu hakuifanyi mali yake kuwa pori.

Wanasheria wa Roma walikaribia zaidi kesi yetu. Waliuliza: mtu akitengeneza kitu kwa malighafi ya mwenzake, ni cha nani? Kundi moja lilisema ni cha mwenye malighafi; kundi la pili likasema ni cha mtengenezaji. Kaisari Justinian, katika kitabu cha sheria cha mwaka 533, alichukua njia ya kati: kama kitu kinaweza kurudi kuwa malighafi yake, ni cha mwenye malighafi, kama hakiwezi, ni cha mtengenezaji. Chombo cha shaba kinaweza kuyeyushwa tena. Divai haiwezi kurudi kuwa zabibu. Kwa mfano wa kwetu, sufuria inaweza kurudi kuwa alumini, lakini urwarwa, pombe yetu ya ndizi, hauwezi kurudi kuwa mkungu.

Nilimsomea baba mdogo maneno hayo akiwa anasugua ngoma ya breki. Alicheka, akasema Justinian hakuwahi kukamua ndizi. Kisha akanyamaza, akasema, "Lakini sisi hata sufuria hatutengenezi. Tunalikuta pikapu, tunaliacha pikapu." Hapo alinisaidia kuliko Justinian. Hatukuwa tunazalisha kitu kipya kutoka kwa malighafi. Tulikuwa tunakirudisha kitu kwenye hali yake. Daktari anayemponya mtu hapati mtoto. Anapata ada.

Ikabaki hoja ya pili, ile ya muda. Karibu miaka thelathini imepita. Jirani hajatuma hata salamu. Ukisimama ufukweni jioni unaiona milima ya Uvira ng'ambo ile; mtu hukosaje kutuma neno kutoka pale? Huenda alifariki. Je, amana ya marehemu asiyejulikana alipozikwa ni amana bado?

Hapa Mrundi yeyote ataona kwamba siongelei pikapu peke yake. Nchi yetu imeishi na swali hili kwa upana wa mashamba na vilima. Waliokimbia mwaka 1972, na waliokimbia baada ya Oktoba 1993, wengi waliporudi kutoka Tanzania walikuta watu wengine wakilima mashamba yao. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulisema mkimbizi arudishiwe mali yake, au afidiwe pale isipowezekana, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine ili kushughulikia kesi hizo. Kesi zilizokuwa ngumu hazikuwa zile za wanyang'anyi. Ngumu zilikuwa za watu waliolikuta shamba tupu, au walionunua kwa mtu waliyemwamini, wakajenga, wakapanda michikichi kama ile ya Rumonge, wakazika wazazi wao humo. Mmoja anasema, "Ni la babu yangu." Mwingine anasema, "Ni jasho langu." Na wote wawili wanasema kweli.

Mimi siwezi kuamua kesi za mashamba kutoka ndani ya ua wetu. Lakini nimejifunza kutoka kwao jambo moja kuhusu muda. Muda peke yake haufanyi lolote. Ni watu wanaofanya mambo ndani ya muda. Miaka thelathini ya kusahau si sawa na miaka thelathini ya kuzuiwa. Jirani hakulitupa gari lake. Alizuiwa kulirudia na vita vya kwetu, kisha na vita vya ng'ambo, kisha labda na umaskini, woga au kifo. Na kama amefariki, ana warithi. Sisi wenyewe tumepokea ufunguo ule kutoka kwa baba aliyekufa. Kama amana ilirithiwa upande wetu, kwa nini isirithiwe upande wake?

Baada ya kufika hapo nilidhani nimemaliza, na jawabu lilikuwa rahisi: gari si letu, basi tuliache lilivyo. Nilimwambia mama hivyo kwa kujivuna kidogo. Mama alinitazama akasema, "Na kutu ndiyo itamrudishia mwenyewe?"

Alikuwa amegusa udhaifu wa jawabu langu. Kuna uaminifu wa uvivu. Mtu anakiacha kitu cha mwenzake kioze, kisha anajisifu kwamba hakukigusa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hiyo haijasema kama ufa ni wa nyumba yako au ya jirani. Mafundi hujua kwamba gari huharibika kwa kusimama kuliko kwa kutembea: mafuta hukauka, mipira hupasuka, unyevu huingia. Kwa hiyo kulitunza gari ni pamoja na kulitembeza. Sheria ya kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804, ambayo Wabelgiji waliotutawala waliitumia kama mama wa sheria zao, inaweka mizani hii: aliyewekewa mali haruhusiwi kuitumia bila idhini ya mwenyewe, ila mwenye mali anawajibika kumrudishia gharama alizotumia kuihifadhi. Basi kuna kugusa kunakokatazwa na kuna kugusa kunakodaiwa. Kazi yote iko katika kutofautisha viwili hivyo.

Na hapa sitaficha kwamba nia yetu haikuwa safi kama maji ya chupa. Hatukutaka kulihifadhi tu. Tulitaka libebe mizigo, mboga, matofali na mbao, kwa sababu mdogo wangu wa kike ana karo, na tangu baba afariki mama anauza maharage rejareja. Hata mafuta yenyewe ni ya kubahatisha. Bujumbura ya miaka hii mtu anaweza kulala kwenye foleni ya kituo akaamka bila lita moja. Lakini mwenye pikapu hakosi kazi siku mafuta yakipatikana. Tuliitaka faida. Je, faida ya kitu kilichowekwa amana ni ya nani?

Swali hilo lilikuwa bado linatuzunguka siku baba mdogo alipouliza magurudumu yako wapi. Sote tuliamini yamo stoo, nyuma ya magunia. Tuliyatoa magunia yote. Hayakuwepo. Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniita mimi, si baba mdogo.

Alinieleza kwamba mwaka 2003, nikiwa na miaka miwili, nilipata malaria iliyopanda kichwani. Tulilazwa, nikapona. Lakini nyakati zile mgonjwa asiyeweza kulipa hakuruhusiwa kutoka. Hospitali nyingi za nchi hii ziliwazuia watu wodini mpaka deni lilipwe. Matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalikuja Mei 2006 tu. Mimi na mama tulikaa pale wiki tatu baada ya mimi kupona, na kila siku deni likiongezeka. Baba aliuza baiskeli. Haikutosha. Usiku mmoja alikwenda stoo, akatoa magurudumu ya jirani, yote manne na la tano la akiba, na asubuhi tukatoka hospitali. "Hakuwahi kulisema tena," mama alisema. "Lakini kila akipata fedha alikuwa akisema, hizi ni za magurudumu. Kisha zinapata kazi nyingine."

Nilitoka nje nikaenda kulitazama gari lile juu ya matofali yake. Wiki nzima nilikuwa nimepima hoja za Locke na Justinian kama mtu asiyehusika. Kumbe nilikuwa mimi mwenyewe ndani ya hesabu.

Je, baba alikosea? Nimelifikiria sana, na sioni ni baba gani angemwacha mwanawe azuiliwe wodini ili matairi ya mtu asiyekuwepo yabaki stoo. Wanasheria wa Kiislamu wana kanuni mbili zinazokaa jirani, na zote ziliandikwa katika sheria ya Waothmani ya karne ya 19 iitwayo Mecelle. Ya kwanza inasema dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Ya pili inasema dharura haiibatilishi haki ya mwingine. Watu wengi huikumbuka ya kwanza. Baba, naamini, aliishi na zote mbili: aliyachukua magurudumu kwa sababu alilazimika, na akajihesabu mdaiwa mpaka siku ya mwisho. Aliyechukua kwa dharura akasahau ni mmoja. Aliyechukua kwa dharura akakumbuka ni mwingine. Vitendo vyao vinafanana, watu wenyewe hawafanani.

Jambo hilo liliipindua hoja ya baba mdogo kwa namna ambayo falsafa yangu haikuweza. Tulikuwa tumejiandaa kumdai jirani: gharama ya kibanda, miaka thelathini ya ulinzi, spea, kazi. Kumbe kabla ya kumdai lolote, sisi ndio tuliokuwa tunadaiwa. Kitu kile tulichotaka kukiita kutu kilikuwa kimenitoa hospitali. Gari lililosimama halikuwa limekaa bure.

Tulikwenda kwa mzee mmoja wa mtaa, mushingantahe, mmoja wa wale wazee ambao kwa mila ya Warundi husikiliza na kupatanisha, na fimbo yao, intahe, huwakumbusha kusema haki. Baba mdogo alieleza upande wake, mimi nikaeleza wangu kwa maneno mengi mno. Mzee alisikiliza yote. Kisha akauliza swali moja: "Mwenyewe akiingia sasa hivi mlangoni, mtamwonyesha nini kwanza?"

Hakuna aliyejibu. Tungemwonyesha gari zima na hati mpya yenye jina la mama, angekuwa mgeni katika mali yake. Tungemwonyesha gari lililooza juu ya matofali, angetuuliza tulikuwa wapi. Njiani kurudi nyumbani ndipo baba mdogo aliposema, kwa sauti ya mtu anayekubali bei asiyoipenda, "Daftari. Tungemwonyesha daftari." Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi hivi ndivyo tulivyoamua, na ndiyo jawabu langu kwa swali la insha hii. Anayekifufua kitu cha mtu hakipati kitu hicho. Kazi huzaa ujira, haizai umiliki. Kwa hiyo gari litabaki na jina lililo kwenye hati. Tutalitengeneza, na kila spea itaandikwa kwa tarehe na bei. Likianza kubeba mizigo, baba mdogo atachukua ujira wa dereva na fundi, kama ambavyo angelipwa na tajiri mwingine yeyote, na ujira huo hautategemea huruma ya mtu. Kitakachobaki kitalipa gharama. Kisha sehemu itawekwa kando, haitaguswa, mpaka mwenyewe au mrithi wake apatikane. Tumepeleka habari Uvira kwa wafanyabiashara wanaovuka kila siku, na misikitini, na makanisani. Mzee ameshuhudia maandishi yetu.

Najua wapo watakaosema tumejitafutia njia ya kulitumia gari la mtu huku tukijiita waaminifu. Hoja hiyo ina uzito, na siwezi kuiondoa yote. Idhini ya jirani hatunayo. Tunayo dhana tu kwamba mtu aliyebeba mbao maisha yake yote angependa kulikuta gari lake likibeba mbao kuliko kulikuta likitagiwa na kuku. Dhana inaweza kukosea. Kinga yangu pekee dhidi ya dhana yangu mwenyewe ni kwamba nimeiandika mahali ambapo yeye anaweza kuja kuisoma na kuikataa. Warundi husema ukweli hupita motoni usiungue. Daftari letu nalo lingoje moto wake.

Siku ya kumi na mbili baba mdogo aliweka spana ndefu kwenye boliti ya mbele ya injini. Aliniambia nishike, nisivute kwa hasira. Nilivuta taratibu. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili nilisikia mlio mdogo ndani, kama mtu anayegeuka usingizini, na spana ikasogea: robo, kisha nusu mzunguko. "Basi," alisema, "usiendelee. Imekubali." Mkanda mpya hatujaupata bado, na magurudumu hatuna. Lakini jioni ile nilifungua daftari, ukurasa wa kwanza, nikaandika mstari wa kwanza kwa mkono wangu: magurudumu matano, yaliuzwa mwaka 2003, yanadaiwa kwetu. Spea nikazianzia mstari wa pili.